Modi ya spoti na pado za gia: kuiambia otomatiki kile ambacho haijakiona

Kwenye magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani kuna vitu viwili ambavyo mwenye gari anaweza kukaa navyo miaka mitano bila kuvigusa. Kimoja ni herufi S au M pembeni ya D, au kitufe kilichoandikwa SPORT. Kingine ni pado, vile vipande viwili vya plastiki au aluminiamu vilivyojificha nyuma ya usukani, cha kulia kikiwa na alama ya kujumlisha na cha kushoto alama ya kutoa. Anayevijaribu mara ya kwanza husikia injini ikipiga resi, huona mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umeruka hadi 4,000, hushtuka na kurudi D, na hagusi tena. Mwingine hufanya kinyume: huiweka gari S asubuhi hadi jioni akiamini imemwongezea nguvu, kisha hushangaa jinsi mafuta yanavyokwisha.

Vifaa hivi vina kazi yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihusiani na kukimbia. Ipo kwenye milima, kwenye miteremko mirefu na nyuma ya lori ambalo unataka kulipita salama.

Kompyuta inaona nini

Ndani ya gari la otomatiki, kompyuta ya giaboksi hupokea taarifa chache: mwendo wa gari, umekanyaga mafuta kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, oili ya giaboksi ina joto gani, na kwenye magari mapya zaidi, barabara imeinama kiasi gani. Kwa taarifa hizo huchagua gia kutoka kwenye ramani iliyoandikwa kiwandani. Ramani ya D imeandikwa ili kuokoa mafuta, kwa hiyo hukimbilia gia za juu mapema. Ndiyo maana gari la gia sita linaweza kuwa gia ya tano kwenye kilomita 60 kwa saa, injini ikizunguka taratibu kwenye 1,500.

Ambacho kompyuta haioni ni barabara iliyo mbele. Haijui kwamba umewasha indiketa ya kulia ili ulipite semitrela, kwamba kona inayokuja ni kali, au kwamba mteremko uliouanza hauishi baada ya mita mia mbili. Inajibu baada ya wewe kukanyaga. Wewe unayaona yote hayo sekunde tano au kumi kabla. Modi ya spoti na pado ni njia mbili za kuipa taarifa mapema: ya kwanza kwa ujumla (“nitahitaji nguvu, usikimbilie gia za juu”), ya pili kwa usahihi (“nataka gia ya tatu, sasa”).

Spoti inabadilisha nini

Jambo la kwanza ni pedali ya mafuta. Kwenye magari ya leo hakuna waya unaovuta mlango wa hewa wa injini moja kwa moja. Pedali hutuma umeme, na kompyuta huamua mlango ufunguke kiasi gani. Kwenye spoti, mkanyago mdogo uleule hufungua mlango zaidi. Gari linahisi jepesi na lenye hamu, lakini ukikanyaga hadi sakafuni nguvu ya juu kabisa kwa kawaida ni ileile ya D. Injini haijabadilika. Tofauti ninayoifahamu vizuri ni mfumo wa SI-Drive wa Subaru zenye turbo, wenye hatua tatu: I, S na S#. Kwenye I kompyuta huibana injini makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo ukihamia S au S# unarudishiwa kilichokuwa kimezuiwa.

Jambo la pili ni wakati wa kubadilisha gia. Pale ambapo D ingepandisha kwenye 2,200, spoti husubiri hadi 3,500 au zaidi, na ukiachia mafuta haikimbilii kupandisha. Ukifunga breki kuelekea kona, hushusha gia mapema zaidi. Hili ndilo lenye thamani barabarani. Zaidi ya hapo, kutegemea gari, usukani wa umeme huwa mzito kidogo, shokomzoba zenye kurekebishika hukazwa, na kwenye baadhi ya magari mfumo wa kuzuia gari lisiserereke hulegezwa. Hilo la mwisho lisome kwenye kitabu cha gari lako kabla ya msimu wa mvua.

Gharama yake ni mafuta, na sababu ni ya kimekanika. Injini inayozunguka haraka hupoteza nguvu zaidi kwenye msuguano wake yenyewe. Isitoshe, kwenye gia ya chini mlango wa hewa hufunguliwa kidogo, hivyo injini ya petroli huhangaika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo. Kwenye foleni ya mjini spoti haikupi chochote: gari hurukaruka kila ukigusa pedali, abiria wanatikisa vichwa, na hakuna pa kwenda.

S ya Toyota na M ya wengine

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na kosa si lao, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana.

Kwenye Toyota nyingi zenye njia ya S kwenye gia, Mark X na Land Cruiser Prado zikiwemo, namba inayotokea kwenye dashibodi ni kikomo. S4 maana yake “tumia gia ya kwanza hadi ya nne, usipande zaidi”. Gari litaendelea kubadilisha lenyewe kati ya hizo nne. Ndiyo maana mtu anabonyeza kupandisha kutoka S4 kwenda S5 na hasikii tofauti yoyote: gari lilikuwa gia ya tatu, na limebaki ya tatu kwa sababu mwendo haujadai zaidi. Pado hazijaharibika.

Kwenye gari lenye M, kama Mazda nyingi, namba ni gia yenyewe. M3 ni gia ya tatu, na gari linabaki hapo hadi ubadilishe, isipokuwa injini ikikaribia eneo jekundu la geji, ambapo magari mengi hupandisha yenyewe, au mwendo ukishuka sana, ambapo hushusha lenyewe ili injini isizime.

Kujua gari lako liko kundi gani ni rahisi. Tafuta barabara tulivu, nenda kilomita 40 kwa saa, hamia S au M, angalia namba, kisha bonyeza kujumlisha mara moja. Mshale wa RPM ukishuka, namba ni gia. Usipotikisika, namba ni kikomo.

Kwa mteremko aina zote mbili zinafanya kazi nzuri. Kwa kulipita lori, kikomo cha Toyota hukusaidia kwa namna tofauti kidogo: kikomo kikiwa S5 na gari likiwa gia ya tano, ukibonyeza kutoa mara mbili unalilazimisha lishuke hadi ya tatu, kisha halitapanda zaidi kwa sababu umeshusha kikomo.

Wenye Toyota za zamani za gia nne, zile Premio, Noah na Corolla zenye kitufe cha O/D ubavuni mwa gia, msijione mmeachwa. D ni gia zote nne. O/D OFF huondoa ya nne. Ukivuta hadi 2 inabaki ya kwanza na ya pili, na L ni ya kwanza. Karibu kila kinachosemwa hapa kuhusu milima mnaweza kukifanya kwa kitufe hicho na mkono wa gia.

Pado zenyewe

Pado zilianzia kwenye mbio. Ferrari 640, iliyobuniwa na John Barnard, ilikuwa gari la kwanza la Formula 1 kushindana na gia zinazobadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, na Nigel Mansell alishinda nayo mashindano yake ya kwanza nchini Brazil mwaka 1989. Mwaka 1997 Ferrari ilileta mfumo huo kwenye gari la barabarani, F355. Faida iliyotafutwa ni ileile unayoipata leo kwenye kona za Lushoto: mikono miwili haiondoki kwenye usukani.

Kulia hupandisha, kushoto hushusha. Baadhi ya BMW za miaka iliyopita zilikuwa na mpangilio wao: pande zote mbili unavuta kwa vidole kupandisha na kusukuma kwa dole gumba kushusha. Pado za magari mengi huzunguka pamoja na usukani, kwa hiyo kwenye kona kali pado ya kulia inaweza kuwa imekaa juu au kushoto. Nyingine, kama za Mitsubishi Outlander, zimefungwa kwenye nguzo ya usukani na hazihami.

Ukitumia mkono wa gia badala ya pado, angalia mwelekeo. Magari mengi hupandisha kwa kusukuma mbele. Mazda na BMW hupandisha kwa kuvuta nyuma na kushusha kwa kusukuma mbele, na mantiki yao ni nzuri: unapofunga breki mwili unaenda mbele, nawe unasukuma kushusha gia, unapoongeza mwendo mwili unalala nyuma, nawe unavuta.

Unaweza kutoka D kwenda S au M gari likitembea, bila kukanyaga breki. Kwenye magari mengi pia unaweza kubonyeza pado ukiwa bado D. Gari hukupa gia uliyoiomba kwa muda, na likiona unaendesha kwa utulivu hujirudisha kwenye otomatiki. Hiyo inatosha kwa kona moja au kulipita gari moja. Kwa mteremko mrefu haitoshi, kwa sababu gari linaweza kujirudisha ukiwa katikati ya mlima. Huko hamia S au M kabisa. Ukitaka kurudi D haraka kwenye Volkswagen, Toyota na nyingine kadhaa, shikilia pado ya kujumlisha kwa sekunde moja au mbili hadi alama ya D irudi.

Usiogope kwamba utashusha gia ikapasua injini. Kompyuta hupiga hesabu kwanza, na kama gia uliyoiomba ingeipeleka injini kwenye eneo jekundu, inakataa. Toyota hulia mlio mara mbili kukujulisha. Huo mlio si hitilafu. Maana yake ni kwamba mwendo ni mkubwa mno: punguza kwa breki, kisha omba tena.

Kushuka mlima

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuzijua pado, hata kama hupendi kabisa mwendo kasi.

Chukua barabara ya Lushoto hadi Mombo. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini ya mita 500. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 900 lina nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji kutoka nyuzi 25. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi, lakini kwenye barabara ya kona za kilomita 40 kwa saa upepo hauchukui nyingi. Kinachobaki ni lazima kitoke mahali. Ukiacha gia D na kukanyaga breki njia nzima, kinatoka kwenye diski na pedi nne. Pedi zikipita joto lake hupoteza mshiko, na joto likifika kwenye kalipa huchemsha mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 nyuzi 230. Lakini mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140 na 155. Yakichemka huzaa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupungua. Katika pwani yenye unyevu, mafuta yaliyokaa miaka minne bila kubadilishwa ni hatari ya kweli. Badilisha kila miaka miwili.

Injini inaweza kuubeba mzigo huo bila kuchakaa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, injini ya petroli inayotumia sindano za umeme hukatiwa mafuta kabisa, mlango wa hewa hufungwa, na pistoni hubaki zikivuta hewa dhidi ya mlango uliofungwa. Kazi hiyo ndiyo inayolishika gari. Gia ikiwa ya chini, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita, na mshiko huwa mkubwa zaidi. Tena wakati huo hutumii mafuta hata tone. Anayeteremka na N akidhani anaokoa anafanya kinyume: injini yake inahitaji mafuta ili isizime, na breki zimebebeshwa mlima wote peke yake.

Namna ya kufanya ni hii. Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza, kwa mfano hadi kilomita 50 kwa saa. Hamia S au M. Bonyeza kutoa gia moja moja, ukisubiri mshale utulie kati ya kila gia, hadi gari lishike mwendo lenyewe mguu ukiwa nje ya mafuta. Kwa injini ya petroli mshale utakaa mahali kati ya 2,500 na 4,000. Utaisikia ikinguruma. Injini ambayo eneo lake jekundu linaanza 6,000 au 6,500 haiumii kwa 4,000, hata kwa dakika kumi, mradi maji na oili vipo. Kanuni ya madereva wa malori inafaa hata kwa gari dogo: shuka na gia ambayo ungepandia mlima huohuo.

Gari likianza kukimbia, usilalie breki kidogo kidogo. Kanyaga kwa nguvu ya kutosha sekunde tatu au nne, toa kilomita 10 au 15 kwa saa, shusha gia nyingine, kisha achia breki zipoe. Breki zinazoguswa kwa vipindi hupumua. Zinazolaliwa hazipumui.

Dizeli ni tofauti kidogo. Injini ya dizeli haitegemei mlango wa hewa wa kubana kama ya petroli, kwa hiyo ushikaji wake wa gari ni mdogo, na eneo lake jekundu liko chini zaidi. Kwa Prado ya dizeli iliyojaa watu na mizigo, kuteremka Kitonga au kushuka kuelekea Mai Mahiu, shusha gia moja zaidi ya ulivyodhani, na uanze mteremko polepole zaidi.

Ukisikia harufu ya pedi zilizoungua, au pedali ikaanza kuwa laini, tafuta mahali pa kusimama mapema. Weka P, weka jiwe mbele ya tairi, upande wa mteremko, na usimwage maji kwenye diski, kwa sababu chuma chenye joto kikimwagiwa maji hupinda au kupasuka. Subiri nusu saa.

Kupanda

Kupanda kuna tatizo lake. Ukiwa D nyuma ya malori, gari hupanda gia ya tano, linakosa nguvu, linashuka ya nne, linapata nafasi, linapanda ya tano, na kadhalika hadi juu. Kila badiliko huteleza klachi za ndani, na kila mara klachi ya kufungia kwenye konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) hufunguka. Konvata isiyofungwa husukuma kwa oili inayozungushwa, na oili inayozungushwa hivyo huchemka. Joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi ya otomatiki. Chagua gia inayopanda bila kuhangaika, kwa kawaida ya tatu au ya nne kwa gari la gia sita, mshale ukiwa 2,500 hadi 3,500, na ikae hapo. Modi ya spoti peke yake hufanya sehemu kubwa ya kazi hii, kwa hiyo asiyependa pado atumie S kupanda na atakuwa salama. Hivyohivyo kwa anayevuta trela au aliyejaza mizigo juu ya gari.

Kulipita lori

Kwenye D, mlolongo uko hivi: unaona nafasi, unatoka upande wa kulia, unakanyaga hadi chini, kompyuta inafikiri, giaboksi inashuka gia mbili au tatu, turbo inajaza hewa, halafu ndipo gari linaondoka. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari hutembea mita 22 kila sekunde, na sekunde hizo unazitumia ukiwa upande wa magari yanayokuja.

Geuza mlolongo. Ukiwa bado nyuma ya lori, kwa umbali wa kuona mbele yake, bonyeza kutoa mara mbili au tatu hadi mshale ufike karibu 3,500. Shikilia mwendo. Injini sasa iko pale inapotoa nguvu, turbo imeamka. Nafasi ikifunguka unatoka na kukanyaga mara moja. Ukiona gari linakuja usilolitarajia, unarudi nyuma ya lori, na gia hiyohiyo ya chini hukusaidia kupunguza. Ukishapita, rudisha D. Wengi husahau hatua hiyo na kuendesha kilomita 50 wakiwa gia ya nne.

Modi ya spoti nayo inatosha hapa kwa gari lisilo na pado, lakini iweke sekunde kadhaa kabla, kwa sababu baadhi ya magari hayashushi gia hadi uguse pedali.

Sanduku gani la gia liko chini ya gari lako

Otomatiki ya kawaida yenye konvata ndiyo inayovumilia zaidi. Pado zake hujibu kwa kuchelewa kidogo, na hilo halina madhara.

CVT, iliyo kwenye Honda Fit, Corolla Fielder, Nissan nyingi na Subaru za Lineartronic, haina gia kabisa. Ina mkanda au mnyororo wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. “Gia” sita au saba unazozichagua kwa pado ni vituo ambavyo programu imevichora kwenye safari ya puli. Kwa kushuka mlima vinafanya kazi vizuri. Kwa kukimbizana havina maana kubwa, kwa sababu CVT ikiachwa D na kukanyagwa hadi chini hujiweka yenyewe kwenye mzunguko wenye nguvu zaidi. CVT huchukia joto na oili isiyo yake. Mkanda hushika puli kwa sababu ya kemikali ndani ya oili hiyo, kwa hiyo Nissan inayotaka oili ya NS-2 au NS-3 ikijazwa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, chuma hukwaruza chuma, na hakuna pado itakayoiokoa.

Giaboksi za klachi mbili, kama DSG ya Volkswagen na Audi, ndizo zinazofanana zaidi na za mbio: gia inayofuata huwa imeshaandaliwa, na pado hujibu papo hapo. Ile ya gia sita yenye klachi zinazoogelea kwenye oili inataka oili na chujio kila kilomita 60,000. Ile ya gia saba yenye klachi kavu hupata shida kwenye foleni, ambapo gari linasogea nusu mita, linasimama, linasogea tena, klachi zikiteleza muda wote. Huko acha spoti, acha nafasi mbele yako, na usogee pale tu panapotosha kwenda vizuri.

Baadhi ya haibridi na magari ya umeme yana pado zinazofanana kwa sura lakini hazigusi gia. Kwenye Outlander PHEV (haibridi inayochajiwa kwa umeme) na Hyundai Ioniq 5, pado ya kushoto huongeza nguvu ya mota kuzalisha umeme gari likipungua, na ya kulia huipunguza. Kwa Toyota za haibridi kazi ya kulishika gari kwenye mteremko hufanywa na nafasi ya B kwenye mkono wa gia. Betri ikijaa katikati ya mteremko haina pa kuweka umeme, na Toyota huanza kuizungusha injini kwa kelele ili ibebe mzigo. Mlio huo ni wa kawaida.

Yanayoharibu

Kutumia spoti injini ikiwa baridi ni kosa la kwanza. Oili nzito haijafika kila mahali, na giaboksi hubadilisha kwa mshtuko. Subaru hukataa kabisa S# hadi injini ipate joto. Magari mengine hayakatai, kwa hiyo subiri mshale wa joto ufike katikati, kisha dakika tano zaidi kwa ajili ya oili ya giaboksi, ambayo hupata joto polepole kuliko maji.

La pili ni kushusha gia katikati ya kona yenye maji au matope. Magurudumu yanayovutwa na injini hupunguzwa ghafla, hupoteza mshiko, na gari huserereka. Gia ichaguliwe gari likiwa limenyooka, kabla ya kona. Kwenye matope yenyewe M2, kwa magari yanayokubali kuondokea gia ya pili, husaidia kwa sababu hupunguza nguvu ya ghafla inayofanya tairi lizunguke bure.

La tatu ni kukanyaga breki na mafuta pamoja ukipiga resi kwenye D ili gari liruke. Fundi anayepima konvata kwa njia hiyo haruhusiwi kuzidisha sekunde tano. Oili huchemka haraka kiasi hicho.

Pado zisipoitika

Kwanza angalia kama gari liko kwenye hali inayozikubali, maana baadhi huzisikiliza ukiwa S au M tu. Pili, tazama taa. Giaboksi iliyoona hitilafu hujifunga kwenye gia moja, mara nyingi ya tatu, na hupuuza kila kitu. Kwenye Subaru taa ya AT OIL TEMP ikimetameta mara tu unapowasha gari, maana yake ni hitilafu ya mfumo wa giaboksi. Hiyo ni kazi ya mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Usianze kwa kufungua usukani.

Kama giaboksi ni nzima na pado moja tu imekufa, kwa kawaida ni swichi ndogo ndani yake, iliyojaa vumbi au iliyochakaa. Pado zote mbili zikifa pamoja na honi au vitufe vya redio kwenye usukani, na taa ya eabegi ikawaka, tatizo ni kloki springi, utepe wa waya uliozungushwa ndani ya usukani unaopitisha umeme huku usukani ukizunguka. Hukatika kwa uzee, au pale fundi anapotoa usukani na kuurudisha bila kuweka utepe katikati. Kazi hiyo iko karibu na eabegi, hivyo terminali hasi ya betri itolewe na kusubiriwa, Toyota husema sekunde 90 au zaidi, kabla ya kugusa chochote. Utepe mpya huzungushwa hadi katikati yake na magurudumu yakiwa yamenyooka. Gari likirudi mikononi mwako, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na hadi mwisho kulia huku ukibonyeza honi na pado zote mbili, na uhakikishe taa ya eabegi imewaka na kuzimika kama kawaida unapowasha.